Nani Ameshika Usukani? Somo kuhusu Sifa na Idadi ya Wafanyakazi wa Vyombo vya Majini

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:

(a) kueleza kwa nini usalama wa chombo cha majini hutegemea watu wanaokiendesha, si ubao na injini peke yake;
(b) kutofautisha sifa za mfanyakazi wa chombo na idadi ya wafanyakazi inayotakiwa;
(c) kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kupanda boti, kivuko au meli;
(d) kujua mahali pa kupeleka lalamiko lake na namna ya kuliandaa.

1. Kwa nini somo hili liwahusu watu wa milimani

Mkazi wa Kibondo au Kasulu anaweza kudhani kwamba kanuni za mabaharia ni habari ya watu wa Ujiji na Kibirizi. Nyumbani kwake ni vilima, migomba na mashamba ya maharage, na Ziwa Tanganyika liko mbali na macho yake. Hata hivyo, safari zake nyingi huishia majini. Mfanyabiashara anayeteremsha maharage na mahindi hadi Kigoma huyapakia tena katika boti ziendazo vijiji vya mwambao, kisha hurudi na dagaa, migebuka na mawese. Wanafunzi wanaopelekwa Hifadhi ya Gombe kuwaona sokwe kwa kawaida hufika huko kwa boti. Wako pia walioolewa au kuajiriwa katika vijiji vya kusini mwa ziwa, na ndugu zao huteremka kuwatembelea wakati wa uzazi, harusi na misiba. Vilevile, mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi waliokuwa wamekusanyika Kagunga walisafirishwa kwa meli ya MV Liemba hadi Kigoma, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Hivyo hata historia ya karibuni ya Kasulu imepita juu ya maji.

Iko tofauti moja kubwa kati ya abiria wa milimani na abiria wa mwambao. Mtu aliyezaliwa Kibirizi huwajua manahodha kwa majina. Anajua nani hugeuza boti mapema anapoona wingu baya, na nani hupenda kushindana. Anajua pia boti ipi juzi iliendeshwa na kijana aliyekuwa mpakuzi wa mizigo. Mtu wa Kibondo hushuka katika basi, hubeba kifurushi chake hadi mwaloni, na kupanda boti iliyo tayari kuondoka. Hamjui mtu yeyote pale.

Kwa ajili ya mtu huyo sheria imeweka vyeti. Cheti cha nahodha ni sifa yake iliyoandikwa ili isomwe na mgeni. Abiria asiyemjua mwendeshaji wala maji yenyewe ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kanuni hizi, naye ndiye mwenye haki kamili ya kuuliza kama zimefuatwa.

2. Sheria na wasimamizi

Kwa Tanzania Bara, sheria kuu ya vyombo vya majini ni Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2003. Sheria hiyo inahusu usajili wa vyombo, usalama wake, na sifa za mabaharia wanaovifanyia kazi. Zamani usimamizi wake ulikuwa mikononi mwa SUMATRA. Tangu mwaka 2018 jukumu la usalama wa vyombo vya majini limo katika Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Wakaguzi wa TASAC hukagua vyombo, hutoa vyeti na huweza kukizuia chombo kisiondoke. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) husimamia bandari, ikiwemo ya Kigoma. Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake ya usafiri baharini.

Yafaa kujua jambo moja kuhusu maji ya bara. Duniani uko mkataba mashuhuri wa mwaka 1978 unaoweka viwango vya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, unaojulikana kwa kifupi kama STCW. Mkataba huo umeandikwa kwa ajili ya meli za baharini, na hauzihusu meli zinazosafiri katika maji ya ndani pekee. Kwa hiyo, usalama wa abiria wa ziwani na mtoni hutegemea zaidi sheria ya nchi yake mwenyewe na bidii ya wanaoisimamia. Nchi za Umoja wa Ulaya, ambazo mito yake kama Rhine na Danube hubeba mizigo mingi, ziliona pengo hilo. Zilitunga Agizo la 2017/2397 kuhusu sifa za kitaaluma za wafanyakazi wa vyombo vya maji ya ndani. Huko mfanyakazi huwa na daftari la utumishi, ambamo safari zake na muda aliokaa chomboni huandikwa. Chombo cha abiria hutakiwa pia kuwa na mtu aliyefunzwa hasa namna ya kuwahudumia na kuwaokoa abiria.

Msingi ni ule ule kila mahali: ziwa si bahari ndogo isiyo na hatari. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake huzidi mita 1,400, likiwa la pili kwa kina duniani. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huinua mawimbi ambayo boti ya mbao iliyosheheni haiwezi kuyastahimili ikiwa mikononi mwa mtu asiyejua kazi.

3. Nani ni nani chomboni

*Nahodha* ndiye mkuu wa chombo. Yeye huamua kuondoka, kuahirisha safari, kubadili njia au kurudi. Mwenye chombo anaweza kuwa tajiri aliyekaa dukani mjini, lakini majini amri ni ya nahodha. Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kanuni nazo hutaka amri iwe ya mtu mmoja anayejulikana, naye awe chomboni muda wote wa safari.

*Msaidizi wa nahodha* ni yule anayeweza kushika usukani nahodha akipumzika au akiugua. Msaidizi naye hutakiwa kuwa na sifa. Kukaa karibu na nahodha kwa miaka mingi hakumpi mtu cheti.

*Fundi mitambo* hushughulikia injini, mafuta na pampu za kutolea maji. Katika meli kubwa kama Liemba huwa ni idara nzima yenye mhandisi mkuu na wasaidizi wake. Katika boti ndogo yenye injini ya kupachika, kazi hiyo yaweza kufanywa na mtu mmoja, lakini awe mtu anayejua kuiwasha tena injini iliyozimika katikati ya mawimbi.

*Mabaharia wa sitaha* hufunga na kufungua kamba, hupanga mizigo, huwaongoza abiria, na hugawa jaketi okozi inapotokea dharura. Abiria wengi huwadhania kuwa wapagazi. Kwa kweli, chombo kinapoanza kuinama, wao ndio watakaomfikia abiria kwanza.

4. Sifa: mtu awe na nini

Sifa za mwana wa chombo zina sehemu nne.

*Mafunzo.* Baharia wa kitaaluma hufunzwa mambo manne ya msingi: namna ya kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama na uwajibikaji kazini. Nchini, mafunzo ya ubaharia hutolewa hasa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI).

*Uzoefu.* Mafunzo ya darasani hayatoshi. Mtu hutakiwa kutumikia chomboni kwa muda chini ya wakubwa wake kabla ya kupanda ngazi, na muda huo huandikwa.

*Afya.* Nahodha asiyeona vizuri usiku, au fundi asiyesikia mlio wa injini ukibadilika, ni hatari hata kama ni mahiri. Ndiyo sababu mabaharia hupimwa afya mara kwa mara, yakiwemo macho na masikio.

*Cheti kinacholingana na chombo.* Vyeti hutofautiana kwa ukubwa wa chombo, nguvu ya injini na eneo la safari. Mwenye cheti cha boti ndogo hawezi kwa cheti hicho kuongoza meli. Tena cheti ni cha mtu mwenyewe na hakiazimwi. Nahodha aliyebaki nchi kavu hawezi kumwachia kijana wake sifa zake pamoja na ufunguo wa injini.

5. Idadi: wangapi wanatosha

Watu wengi hufikiri idadi ya wafanyakazi ni hiari ya mwenye chombo, kama vile idadi ya wahudumu katika mgahawa. Sivyo. Kila chombo hutakiwa kuwa na idadi ya chini ya wafanyakazi ambayo bila hiyo hakiruhusiwi kuondoka. Katika meli, idadi hiyo pamoja na vyeo vyake huandikwa katika hati maalumu inayotolewa na mamlaka ya usalama.

Idadi hiyo hukadiriwaje? Mamlaka huangalia ukubwa na aina ya chombo, idadi ya injini, urefu wa safari, hali ya maji kinakopita, vituo kinavyopitia, na mizigo au abiria kinaobeba. Zaidi ya yote huuliza: mambo yakiharibika, ni kazi ngapi zitakazohitaji kufanywa kwa wakati mmoja?

Hebu tuifanye hesabu hiyo kwa mfano. Boti ya mbao imebeba abiria arobaini. Imefika mbali na ufuko, injini inazimika na mawimbi yanaanza kuigeuza ubavu. Mtu mmoja lazima ashike usukani au kasia ili boti ielekee wimbi. Wa pili lazima aishughulikie injini. Wa tatu lazima awatulize abiria, awazuie wasisimame au kukimbilia upande mmoja, na ahakikishe kila mmoja amevaa jaketi okozi. Maji yakianza kuingia, lazima awepo wa kuyachota. Ikiwa boti ina wafanyakazi wawili tu, kazi mbili kati ya hizo hazitakuwa na mwenyewe. Mwenye chombo aliyepunguza mfanyakazi mmoja ili apunguze gharama amepata faida kwa kulipunguza tumaini la watu arobaini.

Idadi haikamiliki pasipo mapumziko. Mkataba wa STCW hutaka baharia apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, na angalau saa 77 katika siku saba. Kipimo hicho kilichowekwa kwa meli za baharini humsaidia abiria wa ziwani kufikiri. Nahodha aliyeendesha usiku kucha kutoka kusini, akapakia upya alfajiri na kuondoka tena bila mtu wa kumpokea, ni mmoja kwa hesabu, lakini kwa macho na fikra ni pungufu ya mmoja.

6. Fundisho la Ukara

Taifa letu limelipa gharama kubwa kujifunza mambo haya. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika gatini. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokuwamo walizidi idadi hiyo maradufu. Watu zaidi ya 220 walifariki dunia, na walionusurika walikuwa 41.

Katika hotuba yake kwa taifa baada ya ajali, Rais John Magufuli alisema taarifa alizopewa zilionyesha kwamba nahodha hakuwamo chomboni, na kwamba usukani ulikuwa umeachiwa mtu asiye na mafunzo. Iliripotiwa pia kwamba abiria walisogea upande mmoja wakijiandaa kushuka.

Tuyatazame mambo hayo pamoja. Abiria kuzidi ni kosa linaloonekana kwa macho, na magazeti huliandika kwanza. Lakini nahodha mwenye sifa, akiwamo, ndiye mwenye mamlaka ya kukataa kuondoka chombo kikiwa kimezidiwa. Mabaharia wa kutosha waliofunzwa ndio wawezao kuwazuia abiria wasihame upande mmoja chombo kikikaribia gati. Kwa hiyo, swali la nani anaendesha hutangulia maswali mengine yote ya usalama. Nahodha akikosekana, kanuni nyingine hukosa wa kuzisimamia.

7. Abiria afanye nini

*Kabla ya kulipa nauli.* Uliza nahodha ni nani, nawe umwone. Uliza wafanyakazi ni wangapi na msaidizi ni yupi. Tazama kama jina na namba ya usajili vimeandikwa ubavuni mwa chombo, na kama vyeti vyake vipo. Hakikisha jina lako limeandikwa katika orodha ya abiria, pamoja na la mtoto uliyembeba mgongoni.

*Kabla ya chombo kuondoka.* Vaa jaketi okozi. Usikubali kulikalia kama mto. Angalia kama yule uliyeonyeshwa kuwa nahodha ndiye aliyeshika usukani. Ukiona harufu ya pombe au usingizi mzito machoni pake, shuka.

*Safarini.* Mtii nahodha na mabaharia. Usisimame wala kuhama upande bila kuelekezwa, hata ufuko ukionekana karibu.

Wapo watakaosema kwamba kuuliza ni ufedhuli, hasa kwa mgeni aliyetoka milimani. Lakini swali la heshima halimkwazi mwenye kazi yake. Tuchukulie mfano wa mama aliyetoka Kibondo akienda kumtazama binti yake aliyejifungua kijiji cha mwambao. Mwaloni anafika kijana mmoja kuchukua kifurushi chake.

"Shikamoo, mama. Karibu, tunaondoka sasa hivi."

"Marahaba, mwanangu. Nahodha wenu ni nani?"

"Ni mzee yule mwenye koti la mvua, mama."

"Naye tunasafiri pamoja, au atabaki?"

"Tunasafiri naye. Mimi na huyu mwenzangu ni wasaidizi wake."

"Vema. Sisi wa milimani maji hatuyajui, mwanangu. Niandikie jina langu, unipe na jaketi."

Mazungumzo hayo hayachukui hata dakika mbili, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Lakini lau kijana angejibu kwamba nahodha hayupo, na kwamba leo ataendesha yeye, mama huyo angekuwa na sababu ya kutosha ya kungoja boti ya kesho. Binti yake anamhitaji akiwa hai.

8. Lalamiko lenye nguvu

Ukishuhudia chombo kikiendeshwa na mtu asiye na sifa, au kikiondoka na wafanyakazi pungufu, usiishie kunung'unika katika basi la kurudi Kasulu. Andika mambo haya mapema, kabla hujasahau:

1. jina la chombo na namba yake ya usajili;
2. tarehe, saa, mwalo wa kuondokea na wa kufikia;
3. ulichokiona mwenyewe, si ulichosimuliwa;
4. idadi ya wafanyakazi uliowaona na kazi walizofanya;
5. majina na namba za simu za abiria wawili au watatu walio tayari kushuhudia.

Ambatanisha tiketi au stakabadhi yako, kisha peleka lalamiko katika ofisi ya TASAC. Ikiwa hatari ni ya wakati huo huo, toa taarifa kwa polisi au kwa msimamizi wa bandari au mwalo kabla chombo hakijaondoka. Uko mbali na mjini? Ofisa mtendaji wa kijiji au kata anaweza kukusaidia kuliandika na kuliwasilisha. Lalamiko lenye tarehe na namba ya chombo humpa mkaguzi pa kuanzia, lakini lalamiko lisemalo tu kwamba "boti za huko ni mbaya" halimpi pa kushika.

Nasi abiria tuna sehemu yetu ya lawama. Tunapomshangilia mwenye boti anayetoza nauli ndogo bila kuuliza amepunguza nini, tunapomsihi nahodha aondoke ilhali anasita kwa sababu ya upepo, na tunapojibana ili wenzetu watano zaidi waingie, tunamfundisha kwamba kanuni haziwafai wateja wake.

Muhtasari

Chombo salama ni ubao, injini na watu. Sifa hujibu swali: je, mtu huyu anaweza? Idadi hujibu swali: je, wanatosha mambo yakiharibika? Mapumziko hujibu swali: je, bado wana nguvu za kuweza? Maswali yote matatu ni haki ya abiria, na zaidi ni haki ya yule aliyeteremka kutoka milimani, ambaye hana njia nyingine ya kumjua mtu anayemkabidhi maisha yake.

Maswali ya kujipima na kujadiliana

1. Kwa nini cheti cha nahodha humfaa zaidi abiria mgeni kuliko mwenyeji wa mwambao?
2. Boti ina wafanyakazi wawili wenye vyeti halali, lakini hati yake inataka watatu. Je, iondoke? Toa sababu.
3. Nahodha ameugua asubuhi, na mwenye boti anamwambia mpakuzi wa mizigo aendeshe. Taja kanuni zilizovunjwa.
4. Katika ajali ya MV Nyerere, nahodha mwenye sifa angeweza kuzuia mambo gani kabla kivuko hakijaondoka, na mabaharia waliofunzwa wangeweza kuzuia nini kilipokaribia gati?
5. Pamoja na jirani au mwanafunzi mwenzako, igizeni mazungumzo ya abiria na mfanyakazi wa boti. Ulizeni maswali manne ya lazima kwa lugha ya heshima.

Mfundishe mtu mmoja wa nyumbani kwako somo hili kabla ya safari yenu ijayo ya kuteremka Kigoma.